Kilema si mwisho wa masomo

Mtoto wenu amepata diplome d'Etat. Hata kama anatembea na magongo, hata kama hasikii vizuri, ameshinda egzameni ileile ya wenzake. Lakini magaribi nyumbani maneno yanaanza: "Huyu ataenda kufanya nini ku iniversite? Tumulipie ndugu yake minerval, yeye abaki." Sisi tunauliza: ni miguu inayosoma, ao ni akili?

Mfano mmoja

Andrew Foster, Mmarekani mweusi, alikuwa kiziwi tangu miaka 11, kwa ugonjwa wa menenjite. Alisoma kule Gallaudet, Washington, chuo cha viziwi ambako walimu wanafundisha kwa ishara za mikono. Mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata diplome pale. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi kule Accra, Ghana, kisha zingine katika inchi nyingi za Afrika, hata hapa Congo. Alikufa mwaka 1987 katika ajali ya ndege huko Rwanda. Kama angebaki nyumbani, shule zile zingetoka wapi?

Sheria inasema nini?

Mwaka 2015 Congo ilikubali mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za walemavu. Kifungu cha 24 kinadai waingie masomo ya juu bila ubaguzi, na wapewe msaada unaolingana na kilema chao. Tangu tarehe 3 Mei 2022 inchi yetu ina pia sheria yake yenyewe juu ya haki hizo. Lakini karatasi haipandishi mtu ngazi. Ni lazima nanyi mtembee.

Mfanye nini?

Msingoje siku ya kwanza ya masomo. Mwende mbele, pamoja na mtoto, mwone oditware: iko chini ao juu? Vyoo anaweza kuvifikia? Atapanda teksi ngapi kila siku?

Kisha mwandikie mkubwa wa fakulte barua, mseme wazi kitu kinachohitajika. Mwenye magongo aombe masomo yafanyike chini. Asiyeona aombe ruhusa ya kurekodi masomo kwa telefone, na egzameni ya mdomo. Asiyesikia aombe nafasi ya mbele na mwenzake wa kumwandikia. Mwenye mkono zaifu aombe dakika za kuongeza. Mchunge kopi ya barua.

Parokia nayo inaweza kusaidia. Kijana anayesoma fakulte ileile amsindikize mwenzake. Kikundi kichange feza za silabusi mmoja. Anayejua kusoma vizuri amsomee asiyeona.

Na wewe kijana mwenye kilema, usione haya. Haki yako unaidai, hauombi sadaka.

Leo magaribi, mukikula, mzungumze: katika mtaa wetu, nani ana diplome yake na angali anakaa nyumbani tu?