Kiolezo cha Bure au cha Kununua?

Anayeanza kutengeneza programu ya wavuti hulipia vitu viwili: seva anayoikodi kila mwezi, na saa zake mwenyewe. Fremu za kujengea programu hiyo, Django, Laravel na Express, zote ni za bure, kwa hiyo hesabu ya kweli iko kwenye saa.

Express, iliyotoka 2010, ndiyo nyepesi kuliko zote. Unaandika mistari michache na seva inajibu. Haiji na hifadhidata wala usajili wa watumiaji; kila kimoja utakitafutia maktaba yake na kufuatilia masasisho yake. Kwa huduma ndogo ya kupokea ujumbe na kuupeleka kwingine, inatosha kabisa. Kwa duka lenye wateja na stoo, saa zitakwisha.

Kwa duka hilo mimi nachagua Django, iliyotolewa kwa umma 2005. Ukishaeleza bidhaa zako kwenye modeli na kuzisajili, ukurasa wa msimamizi upo tayari: mtunza stoo anaingiza mali wakati wewe bado unaandika kurasa za wateja. Ila fungua settings.py kabla ya kupandisha chochote. DEBUG ni True, ALLOWED_HOSTS ni tupu, na SECRET_KEY inaanza na django-insecure. Yote matatu yabadilishwe. Tena, weka modeli yako mwenyewe ya mtumiaji kabla ya migrate ya kwanza. Wateja wetu wengi wanajitambulisha kwa namba ya simu, na kuibadilisha modeli hiyo data ikishajaa ni mateso.

Laravel ya 2011 nayo inakupa kurasa za kujisajili, kuingia na kurejesha nenosiri. Kwa kuwa ni ya PHP, kama tayari unalipia nafasi ya PHP yenye cPanel, chagua hiyo.

Juu ya fremu hizo kuna violezo vya kununua, kama Laravel Spark au SaaS Pegasus ya Django, navyo vimeandikwa vizuri. Lakini sehemu kubwa ya unachonunua ni makato ya kila mwezi kwa kadi, kupitia kampuni kama Stripe. Wateja wako wakilipa kwa M-Pesa, sehemu hiyo utaiandika upya, na pesa yako imeshakwenda.

Kuhusu seva, Heroku ilifuta mpango wake wa bure Novemba 2022. Sasa programu ndogo na hifadhidata yake huanzia dola 10 kwa mwezi. DigitalOcean ina seva ya dola 4 yenye RAM ya MB 512. Django na SQLite zinakaa humo, lakini kiolezo kilichosheheni kama Cookiecutter Django, ukikiendesha kwa Docker pamoja na PostgreSQL na Redis, kitaelemewa. Nakala rudufu ya kila wiki huongeza asilimia 20, yaani senti 80 kwa seva hiyo. Ilipie tangu mwezi wa kwanza.