Mazoezi ya wazee kwa msaada wa akili unde: Eleza kwanza, uliza baadaye

Ni jioni, na mjukuu ameketi barazani na nyanya yake mwenye umri wa miaka 72. Kliniki walimshauri nyanya afanye mazoezi mepesi, lakini hakufahamishwa aanzie wapi. Mjukuu anafungua simu, anaingia kwenye programu ya akili unde, ambayo wengi huiita AI, na kuandika: "Nipe mazoezi ya mzee wa miaka 72." Baada ya sekunde chache jibu limejaa kwenye skrini: kuchuchumaa mara 15, kusimama kwa mguu mmoja, kupanda ngazi, kulala chali na kuinua miguu.

Orodha hiyo inapendeza kuisoma. Hata hivyo, programu haijui kwamba nyanya anatumia dawa za presha, kwamba aliteleza msalani mwezi uliopita, wala kwamba nyumba yake haina ngazi. Haijui kwa sababu haikuambiwa.

Mfano huu unaweza kutokea katika boma lolote la kaunti hii. Programu hizi zinaweza kuisaidia familia kupanga mazoezi ya mzee bila gharama kubwa, mradi zitumiwe kwa uangalifu.

Kwa nini mazoezi, na kwa nini tahadhari

Katiba ya Kenya inamtambua mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 60 kuwa mzee. Kifungu cha 57 kinasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia zao na Serikali. Kumsaidia mzee aendelee kutembea kwa miguu yake mwenyewe ni sehemu ya matunzo hayo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unapendekeza watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Mazoezi ya kuimarisha misuli yafanywe angalau siku 2 kwa wiki, na yale ya kuimarisha nguvu pamoja na uthabiti wa mwili angalau siku 3, ili kuzuia kuanguka. Mazoezi ya wastani huongeza mapigo ya moyo, lakini mtu huweza kuendelea kuzungumza. Akishindwa kumaliza sentensi, amezidisha. Asiyeweza kufikia dakika hizo afanye kiasi anachoweza, kwani kidogo ni bora kuliko kukaa tu.

Kuanguka si jambo dogo. WHO inakadiria kuwa watu 684,000 hufariki duniani kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na walio katika hatari kubwa zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Mzee akivunjika nyonga, huenda asitembee tena kama zamani. Kwa hiyo mpango mbaya wa mazoezi unaweza kuleta ajali ileile uliokusudiwa kuizuia.

Programu inavyofanya kazi

Programu kama ChatGPT na Gemini zimefunzwa kwa maandishi mengi sana. Ukiziuliza jambo, hupanga maneno yanayoelekea kulijibu swali lako kulingana na maandishi hayo. Hazimwoni mzee, hazimpimi presha, na hazijui sakafu yake ni ya saruji au ya udongo.

Kwa sababu hiyo, mtumiaji akumbuke mambo matatu. Kwanza, programu isipoelezwa hali ya mzee hujaza pengo kwa kubuni mzee wa kawaida, ambaye pengine ana ngazi, bwawa la kuogelea na vifaa vya gym. Pili, huandika kwa uhakika uleule iwe imepatia au imekosea. Tatu, huelekea kukubaliana na anayeuliza. Ukiiambia mpango ni mwepesi mno, itauongezea uzito bila kujua kama mzee anauweza.

Mambo ya kuieleza

Keti na mzee, mwulize, kisha andika majibu yake. Usimjibie. Programu inahitaji kujua:

- Umri wake na anachoweza kufanya sasa. Je, anaweza kusimama kutoka kitini bila kujisukuma kwa mikono? Hutembea kwa muda gani kabla ya kupumzika?
- Maradhi na dawa: presha, kisukari, moyo, pumu, maumivu ya viungo, udhaifu wa mifupa au operesheni aliyofanyiwa.
- Kama ameanguka mwaka huu, kama hupata kizunguzungu, na kama macho yanaona vizuri.
- Vifaa na mazingira: aina ya kiti, sakafu, na njia anayoweza kupita bila kusumbuliwa na bodaboda.
- Ratiba yake: siku za shamba, za soko na za ibada. Kama anafunga Ramadhani, hilo pia litajwe.

Baada ya hapo ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Mwanamke wa miaka 72. Ana presha na humeza dawa kila asubuhi. Magoti humuuma akichuchumaa. Ameanguka mara moja mwaka huu. Husimama kutoka kitini kwa kujisukuma kwa mikono, na hutembea dakika 10 kabla ya kupumzika. Hupalilia shamba Jumatatu na Alhamisi. Nyumbani kuna kiti kizito cha mbao, ukuta imara na chupa mbili za maji za nusu lita. Hakuna ngazi. Andaa mpango wa wiki 2, siku 3 kwa wiki, usiozidi dakika 15 kwa siku. Usiweke kuchuchumaa wala kulala sakafuni. Eleza kila zoezi hatua kwa hatua kwa Kiswahili chepesi. Kabla ya kuandika mpango, niulize maswali unayohitaji kujibiwa."

Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa. Huifanya programu iulize kwanza badala ya kukisia. Isipouliza chochote, iandikie: "Ni jambo gani kuhusu mzee huyu hujaambiwa?"

Kulinda siri za mzee

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Programu haihitaji jina la mzee, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu wala nambari yake ya SHA ili kupanga mazoezi. Usipige picha ya kadi ya kliniki na kuituma. Umri na hali ya mwili vinatosha, tena baada ya mzee mwenyewe kukubali.

Kulikagua jibu

Mpango unaofaa huanza polepole. Kwa nyanya wa mfano wetu, unaweza kuwa na kutembea mahali pamoja kwa dakika mbili ili mwili upate joto, kuketi na kusimama mara 5 akitumia mikono, kuinua visigino huku ameshika ukuta, kuinua chupa za maji akiwa ameketi, kisha kutembea taratibu nje. Chupa ya nusu lita iliyojaa maji ina uzito wa takriban nusu kilo, na hiyo inatosha kuanzia. Idadi huongezwa kidogo kidogo, na siku za shamba huhesabiwa kuwa siku za kazi, kwa kuwa kupalilia pia ni mazoezi.

Uwe na shaka na mpango unaotaka mzee aruke, asimame kwa mguu mmoja bila kushika kitu, ainame na kuinuka haraka, au abane pumzi anapoinua kitu. Baadhi ya dawa za presha humletea mtu kizunguzungu anapoinuka ghafla, kwa hiyo ainuke polepole kila mara.

Kiti kiegemezwe ukutani. Viti vyepesi vya plastiki huteleza kwenye sakafu ya saruji, hasa yenye maji. Mzee avae viatu vinavyoshika mguu badala ya ndala, na mtu awe karibu naye wakati wa mazoezi ya uthabiti.

Usibadilishe dawa wala kipimo chake kwa sababu programu imesema hivyo. Hilo ni jukumu la mhudumu wa afya.

Onyesha mpango kabla ya kuanza

Hatua hii isirukwe. Nakili mpango kwenye karatasi na umwonyeshe mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea boma lako, au uupeleke zahanati iliyo karibu. Mwaka 2023 takriban wahudumu 100,000 wa afya ya jamii kote nchini walianza kupewa mikoba ya vifaa, vikiwemo vya kupima presha na sukari. Mhudumu anaweza kumpima mzee na kumwelekeza kwa daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo inapohitajika.

Mzee mwenye maradhi ya moyo, aliyepata kiharusi, aliyefanyiwa operesheni hivi karibuni, anayeanguka mara kwa mara, au ambaye presha yake haijadhibitiwa, asianze mazoezi mapya kabla ya kuonana na daktari.

Akihisi maumivu ya kifua, pumzi kukatika kuliko kawaida au kizunguzungu, aache mara moja na kuketi. Mwenye kisukari anayetetemeka na kutoka jasho baridi apewe kinywaji chenye sukari. Maumivu ya kifua yasiyoisha, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito ni dharura. Mpeleke hospitalini bila kuchelewa, au piga simu 999 au 112. Huo si wakati wa kuuliza programu.

Baada ya wiki mbili

Weka daftari ndogo. Andika siku alizofanya mazoezi, zoezi lililomuuma na alilolifurahia. Baada ya wiki mbili, ieleze programu yaliyotokea na uombe mpango urekebishwe, kisha uonyeshe tena mabadiliko hayo kwa mhudumu. Zoezi analolikataa mzee liondolewe, hata kama programu inalisifu. Yeye ndiye anayejua goti lake linavyouma.

Mjukuu mwenye simu na nyanya mwenye mwili wana kazi ya kufanya pamoja. Programu inaweza kuwaandikia orodha, lakini kumshika nyanya mkono anaposimama kutoka kitini ni kazi ya mjukuu.