Mwaka wa Unguja: Kila Upepo na Starehe Yake

Mgeni aliyefika Unguja Januari, akarudi tena Julai, anaweza kuapa kuwa hakuna kilichobadilika. Jua huchomoza karibu saa ile ile, minazi ni ya kijani, bahari ni ya buluu. Kisiwa kiko kiasi cha nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka haifiki hata saa moja. Mwenyeji haoni hivyo. Januari analala dirisha wazi na bado jasho linamtoka. Julai anajifunika shuka gubigubi, na alfajiri chai ya tangawizi haina mpinzani.

Mwaka wa mwambao huhesabiwa kwa pepo mbili na mvua mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, kavu na yenye joto. Masika hushuka kuanzia Machi hadi Mei. Kusi hushika baada yake, na ndani ya kusi kuna kipupwe, baridi ya Juni hadi Agosti. Bahari hutulia wakati wa demani, kisha vuli huleta mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Hizi ndizo pepo zilizoendesha majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi: yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi. Leo mizigo inakuja kwa meli za injini, lakini pepo hazijaacha kupanga maisha. Zinaamua kitakacholiwa, mahali watu watakapokaa jioni na mchezo watakaocheza watoto. Na karibu kila starehe zinayoileta ni ya bure au ya shilingi chache.

Hesabu ya kale ya mwaka wa mwambao huanzia Julai, si Januari. Ni hesabu ya Nairuzi, yenye siku 365 zilizogawanywa katika makumi, yaani miongo, ambayo wakulima na mabaharia waliitumia kujua lini kupanda mbegu na lini kutweka tanga. Makunduchi, kusini mwa Unguja, bado huipokea siku hiyo kwa sherehe ya Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa migomba hadi kinyongo cha mwaka uliopita kiishe, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanawake waliovaa nguo mpya huimba kwa zamu uwanjani. Baadaye ni kula na ngoma kwa siku kadhaa. Anayetoka mjini bila kumjua mtu yeyote kijijini hapati shida ya kula, kwa sababu nyumba isiyopata mgeni siku hiyo huhesabiwa kuwa na nuksi.

Mwaka Kogwa huangukia katikati ya kipupwe, na kipupwe ni msimu wa machungwa. Unguja yanajaa kwenye mikokoteni kila pembe ya barabara, na ng'ambo ya pili ya bahari, Muheza mkoani Tanga, hupangwa mafungu kando ya njia kuu. Muuzaji humenya ganda la nje kwa kisu kikali, likitoka utepe mmoja mrefu, akaacha ngozi nyeupe ili tunda lisipasuke mkononi. Hukata kifuniko juu, na mnunuzi hulibana na kulifyonza akiwa amesimama. Mahindi yaliyopandwa wakati wa masika nayo yamekomaa, na jioni majiko ya mkaa huwashwa kando ya njia. Hindi la kuchoma linapakwa ndimu, chumvi na pilipili, na anayelila hulizungusha polepole kwa sababu ni la moto na kwa sababu hataki liishe.

Kusi la kipupwe huvuma kwa utulivu, bila kukatika, na watoto wanalijua. Ndio wakati wa tiara. Vijiti vya chelewa hung'olewa kwenye fagio la mama, mara nyingi bila ruhusa. Karatasi ya daftari la mwaka jana hubandikwa kwa uji wa unga wa ngano, mkia ni vipande vya kanga kuukuu, na uzi hutoka kwa fundi cherehani. Mtoto anayetengeneza tiara anajifunza mizani kwa mikono yake: mkia ukiwa mfupi inazunguka kama pia, ukiwa mzito hainyanyuki. Hurekebisha, hujaribu tena, na ikishapaa huita wenzake wote waje kuishika kamba.

Vuli inapokaribia, pua hutangulia macho. Pemba, kisiwa kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, hunukia kutoka barabarani. Vishada huchumwa kwa mkono, hukonyolewa usiku na familia nzima huku masimulizi yakiendelea, kisha karafuu huanikwa juani kwenye mikeka kwa siku kadhaa hadi zigeuke kutoka kijani na wekundu zikawa kahawia iliyokoza. Kazi ni ngumu, na mpandaji wa mkarafuu anahatarisha mwili wake. Lakini kikao cha kukonyoa usiku, wakubwa na wadogo wameuzunguka mkeka mmoja, ni miongoni mwa mambo ambayo Mpemba aliye mbali na kwao huyasimulia kwanza anapoulizwa habari za nyumbani.

Kisha zinakuja embe. Huanza zikiwa mbichi, zikikatwa vipande na kuchovywa kwenye chumvi na pilipili, au zikitiwa kwenye urojo, ule mchuzi mzito wa manjano unaomwagiwa viazi, bajia na chipsi za muhogo. Kufikia Desemba zimeiva, na mjadala unaanza upya kila mwaka: boribo au dodo? Wapo wanaoapa kwa sindano, ndogo na tamu mno; wapo wanaoingojea shomari. Shokishoki nazo huingia sokoni na manyoya yao mekundu. Chini ya mwembe wa jirani mtoto haombi ruhusa kuokota lililoanguka, na katika mitaa mingi ya shamba jambo hilo halijawahi kuitwa wizi.

Joto la kaskazi huwatoa watu nje. Februari kuta za ndani hutunza moto hadi usiku, basi mkeka hutandikwa uani au watu hukaa barazani kungojea upepo wa bahari. Asumini zilizochumwa jioni zikiwa bado matumba hufunguka usiku. Wanawake huzitunga kwenye uzi, huzifunga vikuba pamoja na rihani na mawaridi, wakavitia nyweleni au juu ya mto wa kulalia. Chumba kizima hunukia hadi asubuhi kwa kazi ya robo saa na ua moja lililopandwa kando ya kisima.

Mjini, vijana hukimbilia Forodhani. Katika siku za bamvua, maji hujaa Unguja wakati wa alasiri, na hapo ukuta wa bahari hugeuka uwanja wa kuchupa. Hukimbia kutoka mbali, huruka, hujipindua hewani na kuzama mbele ya umati unaowashangilia. Bustani yenyewe ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati wa Aga Khan Trust for Culture. Giza likiingia, wauza mishkaki na juisi ya miwa iliyotiwa ndimu na tangawizi huwasha taa zao. Asiye na hela ya kula ana haki ile ile ya kukaa kwenye nyasi na kutazama taa za madau.

Masika huwarudisha watu chini ya paa. Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote, na vichochoro vya Mji Mkongwe huwa mito. Hapo ndipo baraza, yale mabenchi ya mawe yaliyoshikamana na kuta za nyumba, huonyesha kazi yake nyingine: watu hupita juu yake kama njia wasiloe miguu. Mji huu, ulioandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa na watu walioijua mvua. Mvua ikipumzika, muuza kahawa hupita akigonganisha vikombe vyake. Kahawa chungu humiminwa kutoka kwenye dele lililokalia mkaa, kikombe hakina mkono, na kashata ya njugu au ya nazi hukaa pembeni kukata uchungu. Jaws Corner, njia panda mashuhuri ya Mji Mkongwe, siasa na mpira hujadiliwa hivyo kila siku.

Pembeni kuna bao. Safu 4 za mashimo 8, kete 64, ambazo mara nyingi ni komwe, mbegu ngumu za kijivu zinazookotwa ufukoni. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na huziingiza moja moja katika hatua ya namua kabla ya kufika mtaji. Mzee hodari hupiga hesabu ya mizunguko kadhaa mbele bila kugusa kitu. Watazamaji hawana subira hiyo; kila mmoja anajua kete ipi ilipaswa kuchezwa, na anasema kwa sauti.

Juu ya pepo na mvua kuna mwezi, wenye ratiba yake. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu maji huwa ya bamvua: tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kufika mita 4, na kupwa huangukia kama saa nne asubuhi. Paje na Jambiani bahari hurudi hadi mwambani na kuacha uwanda wa mchanga na madimbwi. Akina mama na watoto huingia na vijiti na vikapu kuchokoa pweza na kuokota chaza. Ni riziki, na pia ni matembezi na soga ndefu, kwa sababu hakuna anayekwenda pwani peke yake. Mchana pweza anapigwapigwa alainike, na usiku yuko kwenye nazi.

Mwezi huohuo huizungusha Ramadhani ndani ya misimu. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo mfungo hutangulia kwa siku 11 hivi kila mwaka na kuumaliza mzunguko kwa takribani miaka 33. Mtu wa makamo ameshafuturu kwa embe, kwa machungwa na kwa uji wa moto huku masika yakipiga bati. Muhogo wa nazi, tambi na kaimati hazibadiliki. Tunda lililo kando ya sahani ndilo linaloeleza mfungo umeangukia wapi.

Starehe zote hizi zinasimama juu ya vitu vya kutumiwa na wengi: kivuli cha mti, baraza iliyo nje ya mlango, njia ya kwenda pwani, uwanja ulio wazi. Hapo ndipo pa kuangaliwa. Nyumba nyingi mpya pembezoni mwa mji zinajengwa na ukuta mrefu na geti, na mpita njia hana pa kuketi. Pwani ya mashariki hoteli zimesogeleana, na kila njia ya wanakijiji inayozibwa humwondolea mtu kitoweo na kumwondolea mtoto bahari. Hakuna anayeweza kununua upya jioni za barazani baada ya baraza kuvunjwa.

Kinga yake, kwa bahati, iko ndani ya uwezo wa familia ya kawaida na sheha wa mtaa. Anayejenga anaweza kumwagiza fundi aweke benchi la saruji nje ya ukuta, la kimo cha goti, lenye upana wa mtu kukunja miguu. Mkutano wa shehia unaweza kukubaliana mapema ni njia gani za pwani hazitaguswa. Na mwenye kiwanja anaweza kupanda mwembe upande wa barabara badala ya uani: mche wa kubebesha huanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 5, mapema kuliko ule wa kokwa, na Machi, kabla masika hayajashika, ndio wakati wa kuchimba shimo.