Mtaa wa matajiri wauzwa kwa deni la dola 994

Kodi ya dola 14 kwa mwaka haitoshi kununulia watu wawili chakula cha mchana katika jiji la San Francisco, Marekani. Lakini kwa kutoilipa kwa takriban miaka 30, wenye nyumba wa Presidio Terrace walinyang'anywa barabara iliyo mbele ya milango yao.

Presidio Terrace ni mtaa wa watu binafsi, wenye lango, mlinzi na nyumba 35 za mamilioni ya dola. Wanasiasa Dianne Feinstein na Nancy Pelosi waliwahi kuishi humo. Barabara, njia za miguu na bustani zilikuwa mali ya chama cha wenye nyumba tangu mwaka 1905.

Chanzo cha mkasa ni anwani. Madai ya kodi yalikuwa yakipelekwa kwa mhasibu ambaye chama kilikwisha achana naye tangu miaka ya 1980. Deni, pamoja na faini na riba, likafikia dola 994. Aprili 2015 jiji likainadi barabara kwa njia ya intaneti, na mume na mke wa San Jose wakaipata kwa dola 90,100.

Wakazi hawakujua lolote hadi Mei 2017, mwakilishi wa wanunuzi alipowauliza kama wangependa kuinunua tena. Julai mwaka huo wakafungua kesi dhidi ya wanunuzi na jiji.

Kwa mwekezaji, swali kubwa ni wanunuzi hao walipata nini hasa. Chini ya sheria ya California, mali iliyonadiwa kwa ajili ya kodi humfikia mnunuzi ikiwa imesafishwa madeni mengi, lakini haki za watu wengine kupita juu yake hazifutiki. Kwa hiyo mwenye ardhi mpya hawezi kuwafungia majirani njia ya kwenda nyumbani kwao kwa kuwa tu ana hati mkononi. Faida, kama ipo, iko katika yale ambayo haki hiyo haiyagusi. Wanunuzi walifikiria kutoza ada ya maegesho, kwani mtaa una nafasi za magari zipatazo 120, na hata kuwakodisha watu wa nje ya mtaa endapo wakazi wangekataa. Hapo ndipo matajiri walipopata joto.

Ofisi ya kodi ilishikilia kuwa ilifuata sheria: ilituma barua katika anwani iliyokuwa kwenye daftari, na kuibadilisha ni kazi ya mwenye mali. Hoja hiyo ni nzito, maana wanyonge wengi hupoteza nyumba kwa utaratibu huo huo na hakuna baraza linalokaa kwa ajili yao.

Kwa Presidio Terrace baraza lilikaa. Novemba 28, 2017 madiwani wa San Francisco walipiga kura 7 kwa 4 kuubatilisha mnada, wakiamua kuwa wenye mali hawakuarifiwa ipasavyo. Wanunuzi, waliokuwa wameshikilia hati kwa zaidi ya miaka miwili, walitakiwa kuirudisha barabara na kurejeshewa dola zao 90,100.