Mipira Chakavu ya Maji ya Kunywa Botini
Mgonjwa wa kuhara anayefika Nshamba akitokea visiwa vya Bumbire au Goziba aulizwe pia alikunywa maji gani safarini. Boti kuukuu huweza kuwa na tangi safi na mipira michafu. Ndani ya mpira uliozeeka hujengeka utando wa bakteria. Klorini huua walio juu, waliojificha chini huzaliana upya. Mpira unaopitisha mwanga huotesha na mwani. Ibadilishwe yote, pamoja na viungio, kwa mabomba yaliyotengenezwa kwa maji ya kunywa. Mpira wa bustani, ingawa ni rahisi kupatikana, haufai. Kisha mfumo mzima ujazwe maji yenye klorini, lita 1 ya dawa ya asilimia 5 kwa lita 1000, yakae saa 4, yamwagwe bila kunywewa, na mabomba yasuuzwe hadi harufu iishe.