Mchezo wa Kale katika Kompyuta Mpya

Habari za Bwana Stanley twazijua: alipita Tabora mwaka 1871, akamkuta Dakta Livingstone kule Ujiji. Lakini je, wajua kwamba safari ile ilifanywa mchezo wa kompyuta? Kampuni ya Opera Soft ya Hispania iliutoa mwaka 1986, kwa jina Livingstone, Supongo. Mchezaji ndiye Stanley, naye hana budi kutafuta maji na chakula njiani.

Toleo lake la mashine za DOS, ukilitia katika kompyuta ya leo, halifunguki. Windows za siku hizi hazipokei tena amri za namna ile. Basi, dawa ipo: programu ya bure iitwayo DOSBox, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2002. Huigiza kompyuta ya kale ndani ya mpya, mfano wa mkalimani aliyeketi kati ya mgeni na mtemi. Mchezo ukikimbia mno, bonyeza Ctrl na F11 pamoja, mwendo utapungua.

Kwa nini kujisumbua? Kwa sababu mle ndani Stanley hurusha bumerangi, silaha ya wenyeji wa Australia! Tena husafiri peke yake, hali twajua kwamba mizigo yake ilibebwa na wapagazi Wanyamwezi na Waungwana wa Unguja.

Mwanao akiucheza, keti karibu umweleze ilivyokuwa. Kilichotunzwa twaweza kukisahihisha, kilichopotea hatuwezi.