Kugonga kwa Gari na Mgoto wa Injini

Mikumi, dereva akisema gari "limegonga", wasikiaji hudhani ameua mnyama hifadhini na faini inamngoja. Fundi wa Kilosa hulitumia neno hilohilo kwa mafuta yanayojiwakia yenyewe silindani. Kwa maana hii ya pili twapendekeza *mgoto*.

Turbo, kwa kushindilia hewa, huukaribisha mgoto. Ethanoli, itokanayo na molasi ya miwa, huuzuia, kwani hupoza hewa na kustahimili mgandamizo. Tusiiite spiriti, jina la vimiminiko vya hospitali na majiko. Ethanoli huhitaji hewa mara 9 ya uzito wake, petroli mara 14.7. Mfasiri akiuacha uwiano huo, fundi ataongeza msukumo wa hewa pasipo kuongeza mafuta ya kutosha, na pistoni huenda ikayeyuka.